Ozoni ya juu ina siku yake, hii ya chini tunaivuta

Kila ifikapo Septemba 16 dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Ozoni. Watoto wa shule, hapa Durban na kule kwetu, huambiwa kuwa ozoni ni mwavuli unaotukinga na mionzi mikali ya jua. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari.

Ozoni ni oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili. Ikiwa juu, kilomita 15 hadi 35 hivi kutoka ardhini, hutuepusha na saratani ya ngozi na maradhi ya macho. Ikiwa chini, tunapovuta pumzi, gesi hiyo hiyo huunguza njia ya hewa, huamsha pumu na hudumaza hata mazao shambani. Na hii ya chini haitoki kwenye bomba lolote. Huzaliwa hewani, pale moshi wa magari na viwanda pamoja na mvuke wa petroli vinapopigwa na jua. Ndiyo maana huzidi mchana, na ndiyo maana hakuna tajiri utakayemshika mkono na kumwambia: ozoni hii ni yako.

Ya juu ilipata watetezi. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kuwa tabaka hilo limetoboka juu ya Antaktika. Mwaka 1987 ukaja Mkataba wa Montreal, gesi za friji zilizoliharibu zikaanza kuondolewa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2023 inatazamia tabaka hilo lipone sehemu kubwa ya dunia ifikapo 2040 hivi.

Ya chini je? Nenda kusini mwa Durban, Wentworth na Merebank, ambako serikali ya ubaguzi iliwarundika wale iliowaita machotara, pamoja na Wahindi, jirani na viwanda vya kusafisha mafuta. Cha Engen kiliwaka moto Desemba 2020, na Sapref kikasimamisha kazi 2022. Wapo wanaosema basi, yamekwisha. Mimi sikubali. Matangi ya mafuta bado yapo bandarini, na malori ya makontena yanapanga foleni. Na nani anashinda katika moshi huo, juani? Ni pamoja na vijana wetu, Wakongo na Warundi, wanaolinda magari ya watu mitaani kwa kutupiwa sarafu.

Sheria ipo. Tangu Desemba 2009 Afrika Kusini imeweka kikomo cha ozoni: mikrogramu 120 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa nane, na ruhusa ya kukivuka mara 11 kwa mwaka (Shirika la Afya Duniani linasema 100). Lakini mlinda magari mwenye pumu atakijuaje kipimo cha leo? Hali ya mawimbi hutangazwa, ili wanaoteleza baharini wajipange. Basi na ozoni itangazwe redioni, kwa Kizulu na Kiingereza, sisi tutatafsiriana, ili mgonjwa aombe zamu ya asubuhi.

Septemba 16 ijayo, maofisa wakifika shuleni na mabango yao ya mwavuli, mwalimu wa Merebank awaulize kipimo cha jana kilikuwa ngapi.