Msimulizi wa Sirari na Lugha ya "Blade Runner"

Wanaisimu tumezoea kuuona usimulizi wa filamu katika vibanda vya video kuwa ni uharibifu wa sanaa, na wa Kiswahili pia. Nami nilikuwa na msimamo huo hadi mwaka 2011, nilipoitazama "Blade Runner" ya Ridley Scott (1982) katika kibanda kimoja cha Sirari, wilayani Tarime.

Hiyo ni bunilizi ya kisayansi iliyovikwa joho la hadithi ya upelelezi, kwa mtindo ule wa giza, moshi na vivuli ambao wahakiki wa Kifaransa waliuita "filamu nyeusi" mwaka 1946. Mpelelezi Deckard anawasaka watu wa kuundwa, ambao maisha yao ni miaka 4 tu, katika Los Angeles ya Novemba 2019. (Mwezi huo umekwisha kupita, na filamu haijachakaa.) Kisa chenyewe ni chepesi; uzito umo katika mwanga: taa za matangazo zinazopenya mvukeni, nyuso zinazoonekana nusu, mvua isiyokoma, na muziki wa Vangelis uliotanda juu ya yote kama ukungu.

Lililonivuta zaidi ni usemi wa Gaff, askari anayechanganya Kijapani, Kihispania, Kijerumani, Kihungaria na lugha nyinginezo. Katika toleo la 1982, sauti ya Deckard inatueleza kuwa hayo ni maneno ya mtaroni tu. Usimulizi huo uliingizwa kwa shinikizo la wenye fedha, waliohofu kuwa watazamaji wasingeelewa. Toleo la 1992 liliuondoa.

Msimulizi wa Sirari hakuona haja ya kuitukana lugha ile. Gaff alipofungua kinywa, alimpa Kikurya kilichochanganywa na Kijaluo, Kiswahili cha Nairobi na vijineno vya wabadilisha fedha wa mpakani. Kibanda kizima kikaangua kicheko, si cha dharau bali cha kujitambua. Nadai kuwa tafsiri ile ilikuwa sahihi, kwani ilitafsiri hadhi ya lugha, si maana za maneno peke yake. Angekwenda Mugumu, wilayani Serengeti, angelazimika kuanza upya kwa Kiikoma na Kingoreme.

Hakukosa kasoro. Watu wa kuundwa aliwaita "misukule", na hapo swali kuu la filamu, yaani kama kumbukumbu ya kupandikizwa yaweza kumfanya mtu awe mtu, likapotea (ingawa msukule naye hutumikishwa bila hiari). Lakini mwishoni, Roy alipokata roho juu ya paa mvuani, baada ya kumwokoa adui yake, Deckard wa toleo la 1982 alianza tena kufafanua. Msimulizi akaizima sauti ya runinga, naye asiseme neno. Alifanya kwa mkono wake alichokifanya mwongozaji mwaka 1992.

Mwaka mmoja kabla ya usiku huo nilikuwa nimemkatalia mwanafunzi wangu kuandika tasnifu juu ya wasimulizi hawa, kwa hoja kwamba wanachosema si Kiswahili. Kibanda kile kimekwisha kufungwa, na hakuna aliyerekodi.