Ijumaa si ruhusa ya kukimbia darasa



Ndugu zetu wazazi na vijana wa Buyenzi na mitaa mingine ya Bujumbura, tuna neno zito, na tunaomba lisomwe bila hasira.

Vijana wetu walioko chuo kikuu wanakosa masomo. Tukiwauliza sababu, zipo tunazozikubali. Katika miaka hii ya 2020 mafuta yamekuwa adimu nchini, na mtu anaweza kupanga foleni ya basi tangu alfajiri na somo la kwanza likampita. Mwaka 2017 buruse ya serikali iligeuzwa kuwa mkopo, na wapo wanaokwenda kibarua ili wapate kula. Hao hatuwalaumu. Hata yule anayesema mwalimu wake husoma tu karatasi zinazouzwa kwenye fotokopi, tunamwelewa nusu.

Lakini kuna udhuru mmoja unaotuumiza, kwa kuwa umevishwa kanzu. Kijana anaondoka chuoni Ijumaa asubuhi, harudi mpaka Jumatatu. Anasema alikwenda kuswali. Subhanallah! Khutba na rakaa mbili aghalabu hazizidi saa moja. Asubuhi yote alikuwa wapi? Na alasiri je? Na nani alimsainia kwenye orodha ya mahudhurio? Rafiki ameandika kwamba fulani yupo, naye hayupo. Huo ni ushahidi wa uongo, hata wakiuita kusaidiana.

Surat al-Jumua, aya ya 9, inatuamuru tuache biashara tuiendee swala. Aya ya 10, ambayo vijana hawaitaji, inatuambia swala ikiisha tutawanyike tukatafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Mapumziko ya siku nzima hayamo. Ikiwa somo limepangwa wakati wa swala yenyewe, waende pamoja kwa mkuu wa kitivo, waombe kwa adabu lisogezwe. Kutoroka kimya kimya kunamfanya mwalimu asiye Mwislamu adhani dini yetu ni ya wavivu.

Na sisi maustadhi tusijifiche. Darsa letu la Ijumaa lilikuwa likianza saa nane mchana, wakati wenzao wamo darasani, na tulifurahi kuona msikiti umejaa. Kumbe tulikuwa tunawasaidia kutoroka, huku baba anayelipa ada akidhani mwanawe anasoma. Kuanzia Ijumaa ijayo darsa ni baada ya Magharibi, inshaallah. Atakayekuja saa nane atakuta mlango umefungwa.

Wabillahi tawfiq.