Banda la Siku 184 Linataka Zege la Nini?

Kila ukisema banda la taifa lijengwe kwa makuti, udongo na miti, utajibiwa: "Hivyo vitu havidumu." Sawa. Lakini jamani, banda linatakiwa lidumu muda gani? Maonesho ya Dunia ya Osaka, Japani, yalifunguliwa 13 Aprili 2025, yakafungwa 13 Oktoba. Siku 184, basi. Baada ya hapo mabanda mengi ni ya kubomolewa.

Wenzetu walishaliona hilo. Falme za Kiarabu walisimamisha huko Osaka nguzo 90, nyingine zikifika mita 16, zilizovishwa pongoo za mtende, yaani ule uti mgumu wa katikati ya kuti. Wazo walilichukua kwenye nyumba zao za zamani za makuti. Wajapani wenyewe walizungushia uwanja duara la mbao lenye mzingo wa kilomita mbili hivi, wakitumia namna ya kuunganisha mbao waliyoirithi kwenye mahekalu yao.

Sisi je? Makuti tunayo, na mafundi wa kuezeka wapo pwani nzima. Shida ni kwamba tunayafanya pambo: fremu ya chuma, jipsamu, halafu kuti mbili tatu juu ya mlango, eti utamaduni. Huko ni kutandika mkeka juu ya vigae na kusema umejenga kienyeji.

Ila tusidanganyane, cha asili si lazima kiwe endelevu. Majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka pwani yetu kwenda Ghuba kwa karne nyingi, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Makuti nayo yanashika moto haraka. Hayo ni maswali ya kupima: moto, mvua, uzito, na kasi ya msitu kuota tena. Kazi ya kupima ni ya vyuo.

Maonesho ya Dunia yajayo ni Riyadh, 2030. Muda upo. Serikali iitishe shindano la usanifu lililo wazi kwa wanafunzi, na sharti liwe moja: kila timu iwe na fundi wa kuezeka au wa udongo tangu mchoro wa kwanza, na alipwe kama mbunifu. Akiitwa siku ya mwisho kuja kupamba, tutapata jipsamu ileile.