PUA YA KADAFI SI MASHINI YA KUPIMA SUMU



Kila asubui, kando ya barabara za Lubumbashi, vijana wa kadafi wanavuta esanse kwa kinywa na mpira, wanajaza bidoni na chupa. Ndani ya esanse muko benzeni. Shirika la afya duniani lilikwisha kusema: benzeni inaleta kansa ya damu. Nani anapima hewa ile vijana wetu wanapumua? Tunaambiwa tu: "Ikinuka sana, sogea kidogo." Lakini pua inazoea! Harufu hauisikie tena, na sumu ingali inaingia.

Viongozi watajibu kama mashini za kupima ni bei kali. Basi wasikie hii. Mu mwaka 2025, tuzo ya Nobel ya kemia ilipewa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, juu ya vitu vyenye matundu madogo sana, vinavyojengwa na chuma pamoja na kemikali za kaboni. Gramu chache tu, ukihesabu kuta zote za ndani, zinafikia ukubwa wa kiwanja cha mpira. Vingine vinang'aa chini ya taa ya ultravioleti. Mvuke wa sumu ukiingia mu matundu, mwangaza unapunguka ao unabadilika rangi. Jicho linaona kile pua ilishindwa.

Na ni chuma gani? Mu 1997 Kitagawa alitumia kobalti, nikeli na zinki. Kobalti, sawa ile ya Kolwezi! Zinki, sawa ile ya Kipushi! Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, lakini mtoto wa kadafi hana hata kikaratasi cha kumuonya.

Hatudanganye mtu: vingine vinaharibika na unyevu, na utafiti haujaisha. Njo maana tunataka ufanyike na hapa kwetu. Tunadai:

1. Serkali ya jimbo ipime benzeni pahali esanse inauzwa, na itangaze matokeo kwa wote.
2. Sehemu ya pesa ya madini iende mu laboratwari za iniversite zetu.
3. Kadafi wasifukuzwe na fimbo. Wapewe pompi ya mkono, waache kuvuta sumu kwa kinywa.

Madini yetu inasafiri kila siku. Mapafu yetu inabaki hapa. Hatutanyamaza!