Kiti ni cha Waliomtuma

Twasema bila kuuma maneno: kiti cha mjumbe si mali ya wajumbe wenzake. Mwaka 1965 wananchi wa Atlanta walimchagua Julian Bond kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia, Marekani. Januari 1966, kwa kura 184 dhidi ya 12, Baraza likamfungia mlango kwa sababu aliunga mkono tamko la kupinga vita vya Vietnam. Wananchi wakamchagua tena mara mbili mwaka uleule. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ikaamua, kwa kauli moja, kwamba uhuru wake wa kusema umevunjwa. Twauliza basi: amfukuzaye mjumbe kwa maoni yake humnyamazisha nani, kama si waliomtuma?