Tushike orodha ya promosio zetu

Wenzetu muliosoma Goma, Bukavu, Uvira na kwingine huku mashariki, popote muliko,

Tunaandika juu ya jambo ambalo haliko kwenye meza ya Doha wala ya Washington: promosio zetu. Wale tuliokaa nao benchi moja miaka mitano, tukilipa minervali vipande vipande, watu sita tukitoa fotokopi ya silabusi moja. Tulimaliza, tukavaa toga, tukapiga picha. Kazi hakuna, hilo munalijua, wengi wenu muko vilevile. Lakini tulikuwa tunaonana. Tulikutana kwenye ngazi za ofisi tukipeleka barua za kuomba kazi, kwenye matanga, kwenye ndoa, kwenye salongo.

Leo promosio yetu imetawanyika hivi: wengine wako bado Goma, Himbi, Ndosho, Majengo. Wengine wako Kinshasa, wanalala kwenye salon ya mjomba ambaye naye hana nafasi. Kuna wa Kisangani, wa Bunia, wa Beni na Butembo, wa Kampala. Mmoja yuko kambi ya Nakivale, Uganda. Wawili walivuka Rusizi, wakafika mpaka Musenyi, Burundi. Tulimaliza zaidi ya 60. Ukitaka kutukutanisha leo utahitaji pasipoti, ndege, pirogi na miujiza.

Hii ni mara ya tatu wanatutawanya, na kila mara haikuwa namna moja. Machi 2020 ilikuwa korona. Shule zote za inchi zilifungwa, tukaambiwa tusomee nyumbani kwa intaneti. Mega za nani? Lakini tulijua kila mmoja yuko kwao, na mwezi wa nane milango ikaanza kufunguka. Mei 2021 ilikuwa Nyiragongo. Usiku wa tarehe 22 lava ilishuka mpaka Buhene, na tarehe 27 asubuhi tukaamriwa kuhama: wengine Sake, wengine Minova, wengine Gisenyi, wengine mtumbwi mpaka Bukavu. Tuliporudi, CP wetu alisimama mbele ya auditwari na karatasi yake ya mahudhurio akaita majina, moja kwa moja, na aliyekosa kuitika tukaenda kumtafuta kwao. Hakuna mtu alimtuma. Ilikuwa kazi ya CP tu.

Januari 2025 hakukuwa na wa kuita majina. Tulikuwa tumeshamaliza, hatuna tena CP, hatuna siku ya kurudi darasani, shule yenyewe haikujua hata ni nani wa kutafuta. Njo maana tunasema: ile karatasi ya mahudhurio, tuishike sisi wenyewe.

Mutatuambia, grupu ya WhatsApp iko. Ndiyo, iko. Siku zile za mwisho wa Januari, umeme ulipokatika Goma, kila aliyepata chaji kidogo aliandika « niko salama », na hiyo ilisaidia. Kisha zikaja picha za maiti. Kisha odio za watu wasiojulikana zinazosema « tuma kwa watu wote ». Kisha matusi. Kisha kimya, na leo ukifungua utakuta maombi ya asubuhi na mtu anayeuza namna ya kutajirika kwa simu. Nusu ya namba hazifanyi kazi tena, maana mtu akivuka mpaka ananunua laini mpya. Grupu inaweza kuwa na watu 60 na isijue kwamba mmoja wao amelazwa wiki tatu.

Sisi tuligawana watano watano. Kila watano wana mmoja anayepiga simu, mara moja kwa mwezi, kwa sauti. Ujumbe ulioandikwa hautoshi, maana kuandika « niko bien » ni rahisi sana. Sauti haijui kudanganya vile. Tunapiga Jumapili, saa moja ya usiku kwa saa ya Goma. Kinshasa inakuwa saa kumi na mbili, Kampala saa mbili, hapo karibu kila mtu yuko nyumbani. Maswali ni matatu ya kikwetu tu: « Uko fasi gani? Ulikula? Kuko kitu inakusumbua? » La tatu usilikimbilie. Wengi wanajibu la kwanza na la pili, halafu wananyamaza, na ukikata simu hapo hujajua kitu.

Mkubwa mmoja wa vuguvugu alitukaripia: munajifungia kwenye mambo ya urafiki wa shule wakati inchi inaungua. Tunamheshimu, lakini hapa hatukubaliani naye. Tumkumbushe Lubumbashi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia kwenye kampasi wakashambulia wanafunzi. Serikali ya Mobutu ilikubali mfu mmoja. Wengine walisema makumi, wengine mamia. Ubelgiji ilikata ushirikiano, ripoti ziliandikwa, na mpaka leo, zaidi ya miaka 30, hesabu bado inabishaniwa. Wanafunzi walikuwa wamekimbia kila upande, kila mmoja akarudi kwao, mmoja Kasai, mwingine Kivu, mwingine Équateur. Kwa mtu ambaye hakuonekana tena, nani angesema kama alikufa au alifika kijijini? Ingetakiwa kila promosio iketi na majina yake na kuuliza, na wakati ule hakukuwa na simu mfukoni. Sisi tuko nazo. Kuhesabu watu wako ni siasa, mkubwa, tena ni siasa ambayo hakuna anayeweza kutufanyia.

Lakini orodha inaweza pia kuua, na hili tunaliandika kwa wale wanaotaka kuanza kesho kwa kuchapa majina yote kwenye Excel. Kila mtu anajua simu ya kijana inaweza kufunguliwa barabarani. Kwa hiyo orodha nzima haiko kwenye simu ya mtu hata mmoja. Anayepiga anajua watano wake na mpigaji mwingine mmoja, basi. Tunatumia majina ya utani ya auditwari, yale ambayo hata wazazi wetu hawayajui. Hatuandiki mtaa. Hatuandiki nani anafuata vuguvugu na nani hafuati. Karatasi kamili iko mbali na Goma, kwa watu wawili wasiokaa mji mmoja.

Sasa franga. Goma ilipoanguka benki zilifunga milango, makuta yakabaki ndani ya simu. Aliyekuwa huko anajua: umetumiwa dola 20, unazunguka kabini tatu, hakuna makuta ya mkononi, na yule aliye nayo anakukata kadiri anavyotaka. Mchango wa kutoka Kinshasa ulikuwa unafika umeshaliwa njiani. Tukarudi kwenye ujuzi ambao wamama wa Birere wanao kuliko sisi tuliosoma uchumi: acha franga zikae mahali zilipo, tembeza deni. Mwenzetu mmoja wa Ndosho anasaidia mama yake kwenye duka, anashika dola mkononi, na anatafuta namna ya kumlipia mdogo wake masomo Kisangani. Mwingine yuko Kisangani, na baba yake aliyebaki Goma anahitaji dawa za presha kila mwezi. Basi yule wa Goma ananunua dawa, yule wa Kisangani analipa shule. Hakuna aliyekatwa hata franga 100. Tunaandika kwenye daftari mbili, moja kila upande, na mwisho wa mwezi hao wawili wanasomeana kwa simu mpaka zilingane. Zikikosa kulingana wanamwita wa tatu. Ilitokea mara moja, juu ya dola 4, na walizungumza saa nzima. Dola 4! Lakini tulifurahi walizungumza, kwa sababu deni ndogo lililonyamaziwa ndilo linavunja likelemba.

Likelemba yetu (Bukavu munasema likirimba) ni ndogo: dola moja kwa mwezi, kwa anayeweza. Sehemu kubwa tunaitoa kwa mega, maana mega hazihitaji makuta ya mkononi na hakuna kabini ya kuzikata. Mega zinaenda kwanza kwa wa kambini na kwa anayetafuta kazi. Na tulikataa kabisa kuweka shida ya mtu kwenye grupu ili wote waweke vikaragosi vya kulia. Mtu mwenye diploma mkononi hataki promosio nzima ijue alilala njaa. Anamwambia mpigaji wake, mpigaji anatafuta, jina halitoki.

Diploma mkononi, tumesema? Wengi hatuna hata hiyo. Tuna atestasio na karatasi ya pointi, na kuna ambao nyumba zao ziliporwa na karatasi zikaenda pamoja na magodoro. Kwa hiyo kila mtu alipiga picha ya alichobaki nacho, na nakala ziko kwa wawili walio nje. Kazi ikitangazwa Kinshasa inayotaka dosie ya karatasi, mwenzetu wa kule anachapa na kuipeleka kwa mguu kwa niaba ya yule wa Goma. Mpaka sasa mmoja amepata mkataba wa miezi mitatu. Ni mdogo, lakini hatukuwa na hata huo.

Linabaki jambo gumu kuliko yote, na vuguvugu letu halikuzoea kukwepa. Kwenye promosio yetu kuna wanaozungumza Kinyarwanda nyumbani kwao. Wamezaliwa Masisi, Rutshuru, Goma mjini. Kuna mmoja wa Minembwe. Mwezi wa pili 2025, kila uchungu uliokuwa ndani ya grupu ulimwagikia kwao: « semeni mulijua », « ndugu zenu njo hawa ». Watu ambao tulilia nao kwenye matanga ya baba zao. Wakatoka mmoja mmoja, simu ikaandika tu kwamba fulani ameondoka. Upande mwingine kuna ambaye kaka yake ameingia Wazalendo, naye aliitwa majina mengine. Na kuna mmoja ambaye leo anafanya kazi kwenye ofisi chini ya AFC/M23, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, « batoto haba-kule siasa ».

Tulibishana usiku mzima, na hatukuisha wote tukiwa na neno moja. Msimamo uliobaki ni huu. Wale waliotukanwa juu ya lugha au sura zao tumewapigia simu sisi, kila mmoja na mtu aliyekuwa karibu naye tangu mwaka wa kwanza, na wako kwenye orodha kama mtu mwingine yeyote. Aliyeandika tena tusi la kabila anaondolewa kwenye watano wake, mpaka aombe msamaha kwa yule aliyemtukana, kwa sauti. Huyu wa ofisini anabaki kwenye orodha: tunampigia, tunamuuliza kama alikula, mama yake akifa tutachanga. Lakini hapewi jina la mwenzake wala habari ya nani yuko wapi, na tulimwambia hivyo waziwazi. Alikasirika. Mwezi uliofuata aliitika simu. Na anayemtaja mwenzake kwa watu wenye silaha, wa upande wowote ule, wa Kinshasa pia, huyo hana tena watano.

Kuna wanaosema huu ni udhaifu, tungemkata tu. Sisi tunafikiri siku vita itakwisha tutatakiwa kukaa mji mmoja na huyu mtu, na tungependa tuwe bado tunajuana sauti. Ukiwa na mawazo mengine, fanya namna nyingine na promosio yako, mradi ufanye.

Kwa wale mulioko bado masomoni, mwaka wa kwanza au wa pili, musingoje kutawanywa. Gawaneni watano watano sasa, mukiwa bado munaonana, kila mtu achague anayemwamini. Na namba ya simu ya mzazi mmoja wa kila mtu iandikwe pembeni, maana vijana tunabadilisha laini kila mara lakini mama habadilishi.

Upande wetu tumewapata karibu wote. Saba hatujawasikia tangu Januari 2025. Wawili walionekana Sake wiki ile ya mwisho, watano hatuna hata fununu. Kama ulimaliza nasi na hakuna aliyekupigia, usitafute grupu. Tafuta mtu mmoja tu wa benchi yako, umwambie uko fasi gani. Hata kama ulitoka kwa hasira. Hata kama hutaki kuzungumza na sisi wengine, tutaandika tu kwamba uko.