Minyoo Inayosubiri Steroidi

Vimelea vingi vya magonjwa nyemelezi huwa vimekwishaingia mwilini miaka mingi kabla kinga haijashuka. Toksoplasma, inayopatikana kwa nyama isiyoiva au kwa uchafu wa paka, hujificha kwenye misuli na ubongo maisha yote, ikazuka pale seli za CD4 za mwenye VVU zinapopungua chini ya 100. Kotrimoksazoli inayogawiwa kliniki huizuia vizuri. Kriptosporidiamu huja na maji, nayo hustahimili klorini. Kuhara kwake hukatika ARV zikishainua kinga.

Strongiloidi inastahili nafasi kubwa zaidi, maana hapa kinga mara nyingi hushushwa na daktari mwenyewe. Mnyoo huu ulitambuliwa mwaka 1876 na Louis Normand, daktari wa jeshi la majini la Ufaransa, kwa askari waliorudi kutoka kusini mwa Vietnam ya leo. Huingia kwa ngozi ya mguu uliokanyaga udongo mchafu. Tofauti na minyoo iliyozoeleka, mabuu yake huweza kukomaa tumboni mle mle na kumwambukiza upya aliyeyabeba. Wafungwa wa kivita walioshikwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili walikutwa nao miongo kadhaa baada ya kurudi kwao. Mgonjwa wa namna hiyo akianzishiwa steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni, iwe kwa pumu, saratani au korona, mabuu huongezeka bila kizuizi, hutoboa utumbo na kusomba bakteria hadi kwenye damu na utando wa ubongo. Wengi hufa. Ajabu ni kwamba VVU peke yake huleta balaa hili mara chache kuliko ilivyohofiwa.

Kupima choo mara moja hakutoshi, kwani mabuu hutoka machache na kwa vipindi. Albendazoli nayo ni dhaifu. Dawa yenyewe ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Hoja ya makala hii ni kwamba aliyeishi penye mnyoo huu apimwe kabla ya kupewa steroidi, na kipimo kikikosekana apewe ivermektini, hata siku ile ile kama yu mahututi. Tahadhari ni kwa waliotoka maeneo ya Kongo yenye Loa loa: ivermektini huweza kuudhuru ubongo wa mwenye mabuu mengi ya mnyoo huo, hivyo damu yao ichukuliwe kwanza, tena mchana, wakati mabuu hayo yanapozunguka.